Mdomo wa kipanga: kuchagua na kutunza visu vya kale vya kupogolea

Ukiingia kwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe ukauliza kisu cha zamani, utatolewa jambia, utatolewa kisu chenye mpini wa fedha, na muuzaji akiona una haja kweli atakushushia na upanga ukutani. Kisu cha kupogolea hutaonyeshwa. Hicho kiko chini ya bakuli la shaba, pamoja na funguo zisizo makufuli, bawaba zisizo mwenzake na vitasa vilivyovunjika, kimegandana kwa kutu, na mwenye duka mwenyewe hana hakika kama kinafunguka. Chake Chake na Wete ni hivyo hivyo, ila huko utakipata zaidi ndani ya sanduku la zana la marehemu, siku warithi wanapogawana vitu na hakuna anayekitaka.

Kwa asiyekijua: ni kisu cha kukunja, kizito kuliko umbo lake, bapa limepinda kwenda ndani kama mdomo wa kipanga na makali yako tumboni mwa pindo. Kikikunjwa huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 11. Bapa ni 7 au 8, na mgongo wake karibu na bawaba hufika unene wa milimita 3. Wafaransa hukiita serpette. Sisi huku tuna jamaa yake wa mbali, kotama ya mgema, ambayo haikunjwi na kazi yake ni nyengine, lakini nayo inataka makali yaliyopinda na mkono mwepesi.

Pindo lile lina kazi. Kata kijiti kibichi kwa kisu kilichonyooka, utaona kijiti kinateleza kuelekea nchani na kutoroka. Kwenye pindo, kadiri unavyovuta ndivyo tawi linavyozidi kukaa tumboni, na makali hulipitia kwa mkato wa mshazari badala ya kulibonyeza. Tawi la unene wa kidole gumba linakatika kwa mvuto mmoja. Likizidi hapo, chukua msumeno.

Mkasi wa kupogolea ulibuniwa Ufaransa karibu na mwaka 1815, na anayepewa sifa hiyo ni Bertrand de Molleville. Ulikuja na wepesi, lakini una ubaya wake: meno mawili yanapokutana, moja linakata na jengine linaponda gome. Ndiyo maana kisu hakikufa. Fundi wa kubebesha miembe au michungwa, yaani kuotesha kijiti cha mti mmoja juu ya shina la mwengine, bado anataka jeraha safi lisilopondwa, na viwanda viliendelea kutengeneza visu hivi karne nzima baada ya mkasi kuenea. Vingi tunavyoviokota leo ni vya kipindi hicho.

Sasa tuje kwenye kununua. Wengi hutazama muhuri wa kiwanda kwanza, halafu mpini. Tazama bapa limebaki kiasi gani. Hiki kilikuwa chombo cha kazi, kikinolewa kila wiki, pengine kila siku, na kila kilipopita kwenye kinoo kiliacha chuma chake pale. Baada ya miaka mingi pindo hunyooka, ncha hurudi nyuma, na kinachobaki hufanana na kisu cha kumenyea mbatata. Mpini wa pembe utang'ara, muhuri utasomeka, na mdomo wa kipanga haupo tena. Mimi hicho sikihesabu kuwa kisu cha kupogolea. Ni mpini mzuri wenye kipande cha chuma.

Kipimo cha kwanza: kikunje, utazame mfereji wa mpini. Bapa kamili huujaza mfereji, na ncha yake imezama karibu na mwisho. Ukiona uwazi wa milimita 8 au 10 mbele ya ncha, ujue ncha ililiwa, au ilivunjika ikachongwa upya. Kipimo cha pili kinataka rula. Shinani mwa bapa, pale makali yanapoanzia, mara nyingi hubaki kipande kidogo ambacho kinoo hakikifikii. Pima upana wa hapo, kisha pima hatua chache mbele. Bapa la kiwandani hupungua upana pole pole. Ukikuta milimita 20 shinani halafu kwa ghafla 14, zile 6 zimekwenda na kinoo. La tatu ni mfuo wa ukucha, yaani kile kishimo cha kufungulia. Kwenye bapa zima mfuo umekaa karibu na mgongo na chini yake kuna uwanja mpana. Bapa likiliwa, makali huusogelea mfuo.

Kuna kijinundu shinani mwa makali ambacho watu hawakijui, nacho ndicho kinachozuia bapa lisizame mno linapokunjwa. Nundu hilo huikalia kamani, yaani ile springi ndefu ya mgongoni, na makali hubaki yameinuka milimita moja au mbili juu yake. Mnoaji mzembe akilipiga tupa nundu, makali yanaanza kuigonga kamani kila kisu kinapokunjwa, na utakuta pengo dogo mahali pale pale hata ukinoa mara ngapi. Ukiona bapa lina pengo moja tu, la duara, katikati ya makali, usilaumu mti. Likunje pole pole bila kuliachia, utaona linapogota.

Baada ya hapo, fungua na ukunje ukisikiliza. Kisu chenye kamani nzima hutoa mlio mkavu, "tak", mwanzo na mwisho. Kisicholia kina kamani iliyolegea au uchafu mwingi ndani. Uchafu unatolewa, kamani iliyolegea hairudi. Kikiwa wazi, mgongo wa kamani unatakiwa uwe sawa na mabati ya ndani, yale yanayolala chini ya vibao vya mpini, ukipitisha kidole. Kishike noleo, yaani kile kichwa cha chuma au shaba cha mpini karibu na bawaba, kwa mkono mmoja na ncha kwa mwengine, ulitikise bapa kushoto na kulia, kisha juu na chini. Mchezo wa pembeni unatengenezeka. Mchezo wa juu na chini maana yake shina la bapa au kamani imelika, na hilo si kazi ya nyumbani.

Jengine, na kwa hali ya hewa yetu hili ni kubwa: chungulia kati ya vibao vya mpini na mabati ya ndani. Mabati yakiwa ya shaba, unaweza kupumua. Yakiwa ya chuma, kutu hufanya kazi kimya kimya huko ndani. Kutu inachukua nafasi kubwa zaidi ya chuma kilichoizaa, basi hufura kama andazi, ikaisukuma pembe au mbao kwa nje hadi ipasuke penye pini. Ufa unaoanzia kwenye pini na kufuata urefu wa mpini karibu kila mara ni huo. Ukiuziba kwa gundi bila kuitoa kutu, utapasuka tena kando yake.

Muhuri huwa kwenye shina la bapa, karibu na bawaba, na mara nyingi umefichwa na kutu. Usiukwaruze dukani. Lowesha kidole kwa mate, pitisha, kisha ulaze mwanga wa tochi ya simu ubavuni. Herufi zilizokufa huonyesha kivuli. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza kuanzia 1890 hadi 1963, kwa hiyo ukisoma Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu, usistaajabu. Kwa visu vya bustani, jina la Sheffield ninaloliweka mbele ni Saynor, na vile vilivyopigwa "Saynor, Cooke & Ridal" ndivyo vinavyogombaniwa: bapa nene, kamani ngumu, mpini wa pembe ya kulungu wenye kupinda kidogo ukajaa kiganjani. Joseph Rodgers & Sons wana alama ya nyota na msalaba wa Malta. George Wostenholm anaandika I*XL. Hao wawili walijulikana zaidi kwa visu vya mfukoni na nyembe, ila vya kupogolea pia wamevitengeneza.

Tarehe husomwa kwa vidokezo. Bapa lenye taji kati ya herufi V na R ni la enzi ya Malkia Victoria, yaani kabla ya 1901. G na R, za Mfalme George, kwenye visu vingi huja baada ya 1910. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyolazimisha bidhaa za nje kuandikwa nchi zilikotoka, na baada ya hapo neno "England" likaanza kuonekana kwa wingi kwenye visu. Hapa watu huteleza: kisu kisicho na "England" si lazima kiwe cha kabla ya hapo, kwani kilichokwenda soko jengine hakikufungwa na sheria ya Marekani. Neno "stainless" nalo ni mpaka mzuri. Chuma kisichoshika kutu kilitoka Sheffield mwaka 1913 kwa kazi ya Harry Brearley, basi anayekuuzia kisu chenye neno hilo akisema ni cha zama za Sayyid Barghash, aliyefariki 1888, mwache amalize hadithi yake kisha umuage kwa heshima.

Nje ya Sheffield, wawili wanafaa kujulikana. Tina wa Reutlingen, Ujerumani, yuko tangu 1854 na bado anatengeneza. Visu vyake vya kubebeshea vimenolewa upande mmoja tu, upande wa pili ni sawa tambarare, na asiyejua akivinoa pande zote mbili ameviharibu. Mwengine ni Opinel wa Ufaransa, aliyeanza 1890. Chake ni kitu chepesi: kipande kimoja cha mti, bapa, na pete ya chuma ya kufungia. Pete hiyo ilibuniwa 1955, basi Opinel kubwa ya kupogolea isiyo na pete ama ni ya kabla ya hapo, ama pete imeng'oka, na pete iliyong'oka huacha mkwaruzo wa duara kwenye noleo. Kamani haina kabisa. Bapa linashikwa na mbano wa mti. Na mti wenyewe hunywa unyevu. Masika ikiingia mpini unafura, bapa linabanwa, na watu huvunja kucha wakilivuta. Gonga kitako cha mpini juu ya meza, bapa litachungulia. Dawa ya kudumu ni kuuacha ukauke wiki mbili mahali pa kivuli, kusugua ndani ya mfereji kwa msasa namba 240 uliokunjwa mara mbili, kisha kuulowesha mafuta ya kitani usiku kucha na kuufuta vizuri asubuhi.

Tukiwa kwenye mipini: mingi ya visu vya Sheffield imevikwa pembe ya kulungu, na kiasi kikubwa cha pembe hizo kilikuwa cha kulungu aitwaye sambar kutoka India. Pembe halisi ina mifereji isiyofanana, na ukiitazama kichwani utaona moyo wake una vitundu kama sifongo. Pembe ya kuigiza, yaani mfupa uliochongwa na kutiwa rangi, ina mifereji inayojirudia. Mbao ngumu nyekundu au nyeusi haina shida. Yenye shida ni seluloidi, ile plastiki ya zamani yenye kung'ara kama lulu au kama gamba la kasa. Ikizeeka hutoa hewa ya asidi, inayokula bapa lake lenyewe na kuvila visu vya jirani. Dalili zake ni harufu kali unapofungua sanduku, nyufa ndogo za miraba, na kutu iliyokolea zaidi pale bapa linapolalia mpini. Iweke peke yake, mahali penye hewa, mbali na moto, kwa sababu inashika moto upesi. Pembe za ndovu na ng'amba halisi usizinunue wala usisafiri nazo. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku, na kisu kuwa kidogo hakitakusaidia mbele ya mtu wa forodha.

Kuhusu vya kuigiza, sina maneno mengi. Mpini unanuka rangi ya viatu, pini zote ni shaba mpya zilizopigwa kwa ukubwa mmoja, bapa limechorwa mawimbi, na jina ni la kampuni kubwa lakini limekosewa herufi moja. Herufi za kale zilipigwa kwa muhuri wa chuma kwenye bapa likiwa bado laini, zina kina na kingo zilizolika. Herufi zilizochomwa juu juu, kijivu na zisizo na kina, kwenye kisu kinachodaiwa kuwa na miaka mia ni sababu tosha ya kukirudisha bakulini.

Umeshakileta nyumbani, kimegandana. Usikilazimishe. Mfuo wa ukucha ukimeguka, au ncha ikikatika, hakuna wa kukurudishia. Tia mafuta ya taa kwenye bilauri au mkebe wa kioo, kisimamishe kichwa chini ili bawaba na noleo vizame, mpini wa pembe ubaki nje kadiri inavyowezekana, na ukiache siku moja. Kikikataa, siku ya pili na ya tatu. Mpini wa seluloidi usiutumbukize kabisa. Dondosha tu kwenye bawaba. Baadaye, vuta bapa kwa ukucha uliokazwa kwa kitambaa, au kwa koleo ndogo iliyovishwa ngozi, milimita mbili mbele, milimita mbili nyuma. Usiku mmoja hautoshi.

Kikifunguka, uchafu wa mfereji utolewe kwa chelewa. Hakuna chombo bora: chelewa la mnazi linapinda, linafika chini kabisa, na halikwaruzi shaba. Lichonge ncha bapa, uvungue pamba iliyogandana, utomvu na mchanga. Kisha tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, fungua na ukunje mara ishirini, futa. Yatatoka maji ya rangi ya kahawa. Tia tena, futa tena, mpaka mafuta yatoke jinsi yalivyoingia. Mara sita au saba ni kawaida. Kisu kilichodhaniwa kamani yake imekufa mara nyingi huanza kulia "tak" kwenye raundi ya nne.

Bapani kuna rangi mbili, na kosa kubwa la wanaoanza ni kuziona kuwa moja. Nyekundu ya vumbi ni kutu hai, inakula, hiyo itoke. Nyeusi au kijivu cha samawati, laini ukipitisha kidole, ni ngozi ambayo feleji, yaani chuma cha bapa, huivaa kwa miaka ya utomvu na mafuta, nayo inasaidia kuilinda. Iache. Bapa lililong'arishwa kwa gurudumu hadi likawa kioo limepoteza ngozi, limepoteza nusu ya muhuri, na kwa mwenye macho limepoteza nusu ya bei.

Kutu nyekundu ikwangue kwa shaba nyekundu, ukiwa umetia mafuta. Shaba ni laini kuliko feleji, inaibeba kutu bila kuacha mikwaruzo. Kipande cha waya mnene wa umeme, kilichopondwa kwa nyundo kikawa kama patasi ndogo, kinatosha. (Zile pesa za shaba za Barghash za 1299 Hijria usizitumie, nazo zina wanaozikusanya.) Kitakachobaki kisugue kwa sufi ya chuma namba 0000 na mafuta, kufuata urefu wa bapa. Stili waya ya kusugulia masufuria ni kali mno. Ndimu, siki na ukwaju waachie masinia ya shaba jikoni. Kwenye feleji asidi hula kutu na chuma pamoja, huacha bapa likiwa na rangi ya majivu, na ikiingia kwenye bawaba huitoi. Mwisho futa kwa spiriti, acha ikauke, kisha upake mafuta.

Mchezo wa pembeni wa bapa hurekebishwa kwa kuipiga pini ya bawaba, ikiwa tu pini inapita kwenye noleo la chuma. Ikipita kwenye pembe au mbao, usiiguse, utaupasua mpini. Fungua kisu nusu, uchomeke kipande cha karatasi nyembamba kila upande kati ya bapa na bati, ulaze noleo juu ya chuma kizito kilicho sawa, upige kichwa cha pini kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha duara. Mapigo mepesi, matatu, geuza upande wa pili, matatu tena, jaribu. Karatasi ndiyo itakayoacha nafasi ya bapa kucheza ukishaitoa. Bila ya karatasi watu hukaza mpaka kisu kisifunguke, na pini iliyobanwa kupita kiasi haivutiki tena.

Utunzaji sasa. Adui yetu ni chumvi zaidi kuliko maji. Hewa ya bahari huitandaza juu ya kila kitu, na chumvi ikishakaa bapani huvuta unyevu wenyewe na kutoboa vitundu vidogo vyeusi ambavyo havitoki. Kisu kilichotoka kwenye duka la ufukweni kifutwe kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, kikaushwe papo hapo, ndipo kipakwe mafuta. Ukikianzia na mafuta umeifunika chumvi ndani.

Mafuta gani? Ya nazi hapana. Ni mazuri kwa nywele, kwenye chuma yanaoza na kunata. Sifa, yaani mafuta ya papa ya kupakia vyombo vya baharini, isikaribie kabisa, labda kama unataka kabati zima linuke samaki kama Malindi. Mafuta ya cherehani yanafaa na yako kila duka. Wajapani, kwa kuhifadhi panga zao, hutumia mafuta mepesi yenye harufu ya karafuu, nasi tuliokaa juu ya karafuu tunaagiza makopo kutoka nje. Mafuta ya karafuu yanapatikana Pemba, yanayokamuliwa kwa mvuke kutokana na makonyo na majani. Yasitumike matupu: ni makali, yanaunguza ngozi na yanalainisha baadhi ya plastiki na vanishi. Matone mawili au matatu ndani ya mililita 50 za mafuta ya cherehani ni mengi ya kutosha, na faida yake kubwa ni kwamba ukifungua sanduku unajua kwa pua kama kisu kilipakwa.

Usikiweke kisu ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu na dawa zilizotumiwa kuitengenezea, na ndiyo inayoleta ule ukijani kwenye noleo za shaba. Kizungushe kwenye bafta kavu iliyopitishwa mafuta kidogo, ukilaze kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Mchele wa kwenye kitambaa unasaidia kwa siku chache tu. Silika inayobadilika rangi hurudishwa kazini kwa kuipasha kwenye oveni, nyuzi 120 kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa wakaao Mji Mkongwe: kuta zetu ni za mawe na chokaa, zinakunywa maji na kuyatoa pole pole, basi kasha lisigusane na ukuta. Shubiri moja inatosha. Wakati wa masika fungua ukague kila wiki mbili. Kaskazi ikivuma kavu, mara moja kwa mwezi.

Kunoa nimekuacha mwisho kwa sababu si kila kisu kinahitaji kunolewa. Kilicho kamili, chenye makali ya kiwandani, kiache. Lakini inafaa kuwa na kimoja cha kazi, kile chenye muhuri uliofutika, ukijue kisu kwa mkono.

Kinoo bapa hakiingii kwenye pindo. Ukilazimisha, kinagusa shinani na nchani, na katikati panabaki butu. Ukizidi kulazimisha, unalinyoosha pindo lenyewe, na ndivyo vidomo vingi vilivyokufa. Chukua kijiti cha duara cha unene wa milimita 12 hadi 15, uzungushie msasa wa maji, ule wa mafundi rangi wa magari: namba 400 kama makali yana mapengo, kisha 800, kisha 1200. Kibane kisu mezani, makali yakitazama juu, na kijiti ndicho kitembee, si kisu. Anzia shinani, uende nchani kwa mwendo mmoja mrefu, ukizungusha kijiti kidogo kidogo.

Kwanza tazama kisu kimenolewa vipi. Cha upande mmoja, noa upande huo tu kwa mwinamo wa nyuzi 20 hadi 25. Upande wa pili upitishe msasa wa 1200 ukiwa umelala kabisa, mara mbili tatu, kuondoa ule uzi wa chuma unaojikunja. Cha pande mbili, nyuzi 15 kila upande. Kama huoni unagusa wapi, paka wino wa kalamu nzito kwenye makali, pitisha kijiti mara moja, utazame wino umetoka wapi: ukitoka juu tu, umelala mno, ukitoka kwenye ukingo tu, umesimama mno. Maliza kwa kuvuta makali juu ya ukanda wa ngozi uliokunjwa kwenye kijiti hicho hicho, mara kumi, kwa kurudi nyuma.

Kijaribu kwenye tawi bichi la mdanzi lenye unene wa penseli. Shika tawi chini ya mahali pa kukatia, kidole gumba kiwe nje ya njia ya kisu, na usisukume kwa ncha, kwani visu hivi vingi havina kufuli na kamani peke yake haiwezi kulizuia bapa lisikurudie vidoleni. Vuta kwa mshazari. Mkato uliotimia ni laini na unang'aa kwa maji ya mti, gome limeshikamana pande zote. Ukiona mstari mmoja mweupe uliokwaruzika kutoka mwanzo wa mkato hadi mwisho, pana kipengo mahali fulani kwenye makali. Linganisha mstari na bapa utakiona, kisha rudi kwenye msasa wa 800.